Kabla hujameza tembe za kunenepa, peleka kwanza mkebe wako wa saruji kwenye mizani

Jimu yetu hapa Migori haina kioo, haina muziki, haina risiti. Iko nyuma ya gereji, chini ya mwembe, na ukifika saa kumi na moja alfajiri unakuta kuku bado wamelala juu ya benchi. Vyuma vyenyewe ni shafti ya lori kuukuu, ringi mbili zilizotolewa kwa gari lililokufa, na mikebe ya Kasuku iliyojazwa saruji na kupigwa kipande cha bomba katikati. Kama umekulia Nyanza, sina haja ya kukuchorea. Mtaa wenu unayo moja.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nainua mkebe mmoja kwa mkono wa kulia na mwenzake kwa mkono wa kushoto nikiamini ni mapacha. Bega la kulia likawa linauma, la kushoto halina neno. Nikapaka kila dawa ya kuchua inayouzwa stendi. Halafu asubuhi moja ubishi ukazuka, nani anainua zaidi ya nani, tukabeba mikebe yote hadi kwa mama wa posho mill tukamwomba mizani ya magunia. Mmoja ulikuwa kilo 5. Mwingine, ambao fundi alikuwa ameuchanganyia nati na vipande vya chuma ili saruji imtoshe, ulikuwa kilo 7 kasoro kidogo. Mama wa posho mill alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Hiyo asubuhi ndiyo iliyonifanya nianze kuandika makala haya kichwani. Vijana wa Migori na Homa Bay nguvu tunazo, si mchezo. Tunavuta nyavu, tunachimba dhahabu, tunabeba miwa, tunasukuma boda boda iliyokwama kwenye matope ya Nyatike. Lakini uliza msee yeyote jimuni anainua kilo ngapi, wiki iliyopita aliinua ngapi, alilala saa ngapi. Atakwambia "mob sana" au "kiasi". Hatupimi kitu. Na mtu asiyepima hawezi kujua kama anaendelea, kwa hivyo siku akikata tamaa anatafuta njia ya mkato. Njia ya mkato huku kwetu ni mbili: tembe au mganga.

Nianze na tembe, kwa sababu zilikaribia kuniharibia rafiki.

Nitamwita Winga, maana hataki jina lake litokee. Ana miaka 22, mguu wa kushoto kama wembe, na usiku anavua omena kule Sori, Karungu. Jumapili anacheza. Mwaka jana alipata ujumbe kwamba klabu moja inafanya majaribio ya wachezaji, na alikuwa na wiki sita za kujiandaa. Ukiwa Nairobi labda hiyo ni habari ya kawaida. Huku ni tofauti. Wakati fulani tulikuwa na SoNy Sugar pale Awendo, timu ya kiwanda cha sukari iliyochukua ubingwa wa ligi kuu 2006. Mtoto wa Uriri aliweza kuota akiwa na baiskeli tu, aende mazoezi na kurudi nyumbani kula. Mwaka 2019 SoNy ikaondolewa ligi kuu kwa kukosa kufika mechini, na ngazi ile ikaondoka nayo. Sasa nafasi ya majaribio ikija, inakuja mara moja, na nauli ni ya kukopa.

Mtu akamwambia Winga kwamba mchezo wake ni safi lakini mwili ni wa karatasi, mabeki watampeperusha. Basi Winga akaenda kununua mwili. Alinionyesha baadaye: tembe ndogo zimefungwa kwa karatasi, za aina mbili. Moja ya kuleta njaa, nyingine ya "kujaza". Ya kwanza ilikuwa siproheptadini, dawa ya mzio ambayo ina tabia ya kumfanya mtu ale sana na alale sana. Ya pili ilikuwa deksamethasoni.

Deksamethasoni ni dawa ya kweli na ina kazi yake hospitalini, kwa mfano mtu akiwa na uvimbe au mzio mkali, na daktari ndiye anayeshika kipimo. Ukiimeza kiholela ili unenepe, mashavu yanafura na mafuta yanahamia usoni na tumboni. Watu wanakusifu barabarani. Wakati huohuo ndani inafanya kinyume kabisa cha ulichotaka: inavunja protini ya misuli, hasa misuli ya mapaja, inadhoofisha mifupa na kupandisha sukari kwenye damu. Kwa mchezaji anayetegemea mapaja, hiyo ni kama kuuza injini ununue rangi ya gari.

Winga alifika majaribioni akiwa na uso wa mviringo na kilo kadhaa za ziada. Walimtoa baada ya dakika 30. Aliniambia miguu ilikuwa kama si yake.

Na hapo alibahatika, kwa sababu hakuna aliyempima mkojo. Dawa za kundi hilo, zikimezwa au zikidungwa, haziruhusiwi wakati wa mashindano kwa kanuni za shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA. Kenya ina sheria yake tangu 2016 na ina shirika lake, ADAK. Tumezoea kusikia majina ya wakimbiaji wa Bonde la Ufa wakifungiwa tukadhani ni shida ya wenye medali. Kanuni haiulizi kama ulimeza ili ushinde marathoni au ili mashavu yajae. Hata tramadoli, ile dawa ya maumivu ambayo baadhi ya wasee humeza ili wamalize siku, imepigwa marufuku mashindanoni tangu Januari 1, 2024.

Kitu kimoja kabla sijaenda mbele, na tafadhali usikiruke: kama umekuwa ukimeza deksamethasoni kwa wiki nyingi, usiache ghafla kwa hasira baada ya kusoma hapa. Mwili unakuwa umezoea kusaidiwa, unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikatiza ghafla unaweza kuzimia au mabaya zaidi. Nenda kituo cha afya, sema ukweli, wakupunguzie polepole. Winga alienda. Alionea aibu dakika tano tu.

Sasa tuje kwa nguvu yenyewe.

Kuna hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu mwanamieleka aliyeitwa Milo wa Croton. Alibeba ndama kila siku mabegani, ndama akakua, na Milo akakua naye hadi siku moja alikuwa anabeba fahali. Hadithi ina chumvi, lakini ndani yake kuna kanuni nzima ya mazoezi ya nguvu: mzigo uongezeke kidogo kidogo, na uongezeke kweli. Miaka ya 1940 daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliichukua kanuni hiyo hospitalini kwa wanajeshi waliojeruhiwa magoti. Zamani waliinua vitu vyepesi mara nyingi na hawakupona haraka. Yeye akawapa uzito unaopanda, na kazi yake ndiyo iliyotuletea zile seti tatu za mara kumi ambazo kila mtu jimuni anazifanya bila kujua zimetoka wapi.

Sasa angalia jimu yetu. Mikebe ni ileile tangu 2021. Milo angekuwa bado anabeba ndama.

Suluhisho ambalo mimi na Winga tulilifikia ni la aibu kwa urahisi wake: mtungi wa maji wa lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi ni dambeli inayokuonyesha uzito wake ukiutazama tu, na unauongeza kwa kikombe. Winga alianza na lita 10, ameukumbatia kifuani, anachuchumaa hadi paja linalale sambamba na ardhi, anasimama. Mara nane, apumzike dakika mbili, arudie, seti tatu. Akiweza mara kumi na mbili bila kuyumba, anaongeza lita mbili na kurudi kwenye mara nane. Jumanne na Ijumaa tu. Siku hizohizo anajivuta kwenye tawi la mwembe, anapiga pushapu, na anamaliza kwa kutembea mita 40 akiwa na mtungi mkono mmoja, kisha mkono mwingine, mgongo wima. Hayo ya kutembea yanaonekana ya kijinga hadi uyafanye. Mama zetu waliotoka kisimani hawakuhitaji kufundishwa.

Na aliandika. Daftari la shilingi chache, kalamu, tarehe, lita, mara ngapi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi. Kama yule mtu anaona haja ya kuandika, mimi na wewe ni nani?

Wiki tatu za kwanza Winga alipiga hatua kubwa na akanitumia picha za mkono akidai misuli imeota. Haikuwa imeota. Watafiti walionyesha tangu 1979 kwamba nguvu ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na neva: ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja badala ya kuziita kwa zamu kama chokoraa wanaogawana chapati. Misuli yenyewe huongezeka baadaye, wiki ya sita, ya nane na kuendelea. Nasema hivi kwa sababu wengi hujitazama kwenye simu baada ya mwezi, wanaona mkono uleule, wanasema haifanyi kazi. Inafanya. Imeanzia mahali ambapo kamera haioni.

Kuna zoezi moja la ziada ambalo ningelifanya kuwa sheria kwa kila timu ya mtaani, maana viwanja vyetu vimejaa mashimo na misuli ya nyuma ya paja inachanika kila wikendi. Piga magoti juu ya gunia. Mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Sasa jiangushe mbele polepole sana, mwili umenyooka kutoka goti hadi kichwa, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ushindwe, kisha ujipokee kwa mikono. Mara tano zitakutosha kulia siku ya kwanza. Tafiti zilizokusanywa kutoka timu nyingi zinaonyesha zoezi hili hupunguza majeraha ya sehemu hiyo kwa karibu nusu. Limo hata ndani ya mpango wa kupasha mwili moto wa FIFA unaoitwa 11+, wa dakika 20 hivi. Gharama yake ni rafiki mmoja asiyekuachia miguu.

Nguvu ya jimu lakini haitoshi kwa winga, anahitaji kasi. Kwa hilo tulipanda matatu, tukapitia Rongo hadi Homa Bay, kutafuta mlima.

Watu hutuuliza mbona Wajaluo na Wakuria wa huku hatutoi wakimbiaji kama Iten. Sababu ni nyingi, ila moja iko kwenye ramani. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134. Hewa yetu haikulazimishi kutengeneza damu nyingi. Basi tuache kuiga ratiba ya Iten ya kilomita 30 na tutumie tulichonacho, yaani joto, mchanga na vilima vifupi vyenye mteremko mkali. Juu ya mji wa Homa Bay kuna Got Asego, kile kilima chenye ncha ambacho wapenzi hupanda kupiga picha. Miguuni pake ndipo Winga alipotapika mbele yangu.

Zoezi ni fupi: kimbia kupanda kwa nguvu zote sekunde nane hadi kumi. Shuka ukitembea. Subiri hadi uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Rudia mara sita, baada ya wiki kadhaa mara kumi. Mlima unakulazimisha kuinua goti na kusukuma ardhi, na kwa kuwa huwezi kufikia kasi ya tambarare, paja la nyuma halivutwi sana. Kosa la Winga lilikuwa kushuka akikimbia na kutopumzika. Alitaka kuteseka. Wengi wetu tunapima mazoezi kwa mateso, tukitapika tunaona tumefanya kazi. Kasi haipatikani ukiwa umechoka; ukichoka unafanya tu mazoezi ya kukimbia polepole. Na mfanye saa kumi na mbili asubuhi, omera. Jua la Homa Bay saa nane mchana halina urafiki na mtu.

Tukiwa Homa Bay mazungumzo yakaingia usingizi, na hapa ndipo nilipojifunza kitu kutoka kwa Winga badala ya kumfundisha.

Kaunti hii ndiyo ya Agoro Sare, shule ya Oyugis ambayo jina lake linaheshimika kwenye mpira wa kikapu wa shule za sekondari, kwa hivyo nilimtolea mfano wa kikapu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Stanford kule Marekani walitoa matokeo ya wachezaji 11 wa kikapu waliokaa wiki tano hadi saba wakijaribu kulala saa kumi kila usiku. Hawakubadilishiwa mazoezi. Mbio zao zikawa za kasi zaidi na mitupo huru iliyoingia ikaongezeka kwa asilimia 9. Wachezaji ni wachache, sawa, lakini nionyeshe tembe inayokupa hivyo bila kukudai kitu.

Winga alinitazama. "Mimi navua usiku. Nilale saa kumi, nile nini?"

Sikuwa na jibu. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa majini kuwavuta samaki. Lakini akaendelea: mwezi ukijaa, taa hazifanyi kazi, maji yote yana mwanga, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani siku kadhaa. Yaani kila mwezi ziwa lenyewe linampa likizo. Tulichukua daftari tukachora kalenda ya mwezi. Siku za giza, akitoka majini, anafanya mazoezi mafupi tu ya kudumisha, seti moja moja, na analala mchana, chumba kimefunikwa blanketi dirishani. Mwezi ukikaribia kujaa, anapandisha: mtungi mzito, Asego, mbio. Makocha wa Ulaya wana jina refu la kupanga mazoezi kwa vipindi vya uzito na vipindi vya kupumua. Wavuvi wa Sori wanalo juu ya vichwa vyao kila usiku. Na kuna ule msimu ambao serikali hufunga uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai kwa kawaida. Wengine wanaulaani kwa sababu ya njaa, na wana haki. Kwa Winga ni miezi minne ya kulala usiku kama watu.

Hali ya wachimba dhahabu wa Macalder na Osiri ni ngumu zaidi, na sitajifanya nina dawa. Mtu aliyepiga nyundo kwenye mwamba saa nane hahitaji mimi nimwambie aongeze seti. Kwake mazoezi ya jioni yawe kupumzika, kunyoosha mwili na kupiga pasi mpira kidogo, nguvu aziachie siku asiyoingia shimoni. Ila zebaki, ndugu zangu. Ile mnayoichanganya kwa mkono kushika dhahabu na kuichoma kwenye sufuria, mvuke wake unaingia mapafuni na kuharibu neva. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea. Hakuna ratiba ya mazoezi inayoshinda neva iliyokufa.

Chakula nitapita haraka kwa sababu huku tunajua kula. Wataalamu wengi wanasema anayejenga misuli anatosheka na takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Winga ana kilo 65, hiyo ni gramu 104. Alidhani lazima anunue ule unga wa mkebe wenye picha ya mzungu mwenye kifua. Tukapiga hesabu mezani kwa mama yake. Omena iliyokauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kwa hivyo gramu 100 kavu zinampa 50 na zaidi. Mayai mawili, 12. Kikombe cha nyoyo yenye maharagwe mengi, 15 hivi. Glasi ya maziwa, 8. Ugali wa siku nzima unaleta zaidi ya 20. Amefika. Jamaa anatoka ziwani kila asubuhi na protini ndani ya ndoo, anaiuza yote, kisha anatumia pesa hizo kununua tembe za kunenepa. Mama yake alisikia hesabu hiyo akasema kitu kwa Kijaluo ambacho mhariri hatakubali. Wasichana wanaocheza wanahitaji jambo moja zaidi, madini ya chuma, maana hedhi huyapunguza. Omena, maini na osuga havijawahi kuwa chakula cha kimaskini.

Imebaki njia ya mkato ya pili, mganga.

Hapa tuko nyumbani kwa Gor Mahia mwenyewe, si timu, mtu. Gor wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ambaye wazee wanasimulia kwamba alijigeuza atakavyo maadui wakija, na jina Mahia lina maana ya maajabu. Klabu iliyoanzishwa 1968 ikachukua jina lake, na mwaka 1987 ikaleta nyumbani Kombe la Washindi barani Afrika kwa kutoka sare mbili na Espérance ya Tunisia, 2-2 kwao na 1-1 Nairobi. Kwa hivyo usitarajie nicheke timu ya kijiji inayochanga pesa kwenda kwa ajuoga kabla ya fainali ya mbuzi. Nimekaa kwenye lile duara, nimepakwa. Na nitakwambia ukweli, nilicheza vizuri siku ile.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba ajuoga alitupa vitu vitatu: utaratibu uleule kabla ya kila mechi, ukimya wa nusu saa, na sababu ya kutokuogopa. Vyote vitatu vinapatikana bila kuku mweupe.

Chukua ukimya. Mwaka 2004 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha jaribio ambamo watu walikaa dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12, wakiwaza tu kwamba wanasukuma kwa nguvu zote kwa kidole kidogo. Hawakusogeza kidole. Nguvu ya kidole ikapanda asilimia 35. Waliofanya mazoezi halisi walipanda 53, kwa hivyo usiache mtungi ukalale. Lakini ni zilezile neva za wiki za mwanzo, zinafundishika hata mwili ukiwa umetulia. Winga anafanya hivi kwenye boti wakisubiri omena wajae kwenye mwanga: anafumba macho, anapokea mpira upande wa kushoto, anasikia mguso, anasikia beki akija, anakata ndani. Anautazama kutoka ndani ya macho yake mwenyewe, si kama anajiona kwenye runinga. Wenzake wanadhani anasali.

Chukua utaratibu. Agosti 22, 2025, nilikuwa kwenye kibanda cha video nikitazama Harambee Stars wakitolewa CHAN na Madagascar kwa penalti pale Kasarani, baada ya sare ya 1-1. Kibanda kizima kilikuwa na maoni kuhusu nani alipaswa kupiga. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ametazama penalti za mashindano makubwa kwa miaka mingi, na moja ya aliyoyaona ni kwamba wanaokimbilia mpira mara tu filimbi ikilia hukosa zaidi ya wanaovuta pumzi kwanza. Presha inamfanya mtu atake iishe haraka. Winga sasa ana wimbo wake mdogo wa mwili: aweke mpira, hatua nne, pumzi moja ndefu ya kutoa, aangalie kona, ndipo aende. Kila penalti ya mazoezi, hivyohivyo, hata akipiga dhidi ya mtoto wa darasa la tatu.

Na sababu ya kutoogopa, hiyo siwezi kukuuzia. Naweza kukwambia Kipchoge hutabasamu njia ngumu ikianza, na kwamba watafiti wa chuo cha Ulster waliwapima wakimbiaji 24 wakakuta wanaotabasamu hutumia nguvu chini kwa zaidi ya asilimia 2 kuliko wanaokunja uso. Nilijaribu Asego. Nilionekana kama mwehu, lakini mabega yalishuka.

Winga yeye ana sababu yake. Aliniambia kwamba majaribio ya kwanza aliogopa kwa kuwa hakujua mwili wake una nini ndani. Alikuwa ameweka vitu vya watu. Sasa akifungua daftari anaona kila kilo ilipotoka.

Nimeambiwa kuna majaribio mengine yanakuja, tarehe haijatoka, nauli haijapatikana. Ukurasa wa mwisho alionitumia picha unasema: lita 18, mara nane, seti tatu. Usingizi saa saba. Goti la kulia liliuma kidogo, nimeruka mlima. Chini ameandika kwamba wamemimina mikebe mipya kule Sori, mwezi unajaa wiki ijayo, na nisije mikono mitupu. Nije na mizani.